Shule ya Umma, Hati ya Kanisa

Shule nyingi za umma nchini Kenya zina wenyewe wawili. Mshahara wa mwalimu hutoka kwa Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC. Sehemu kubwa ya gharama za masomo hutoka Hazina Kuu, na sekondari za kutwa zilipotangazwa kuwa za bure mwaka 2018, kila mwanafunzi wa sekondari alitengewa mgao wa shilingi 22,244 kwa mwaka. Lakini ukisoma kibao cha langoni unakuta jina la mtakatifu, na ukiulizia hati ya kiwanja mara nyingi unaambiwa iko kwa wadhamini wa kanisa. Huyo mwenye hati ndiye anayeitwa mfadhili. Ugomvi wa dini katika shule za Kenya huzuka hapo hasa, kati ya anayelipa na anayeshika hati, mtoto anapofika langoni na kitambaa kichwani au nywele zilizosokotwa na kuulizwa kama amekuja kusoma au kubishana.

Katiba ya mwaka 2010 haina kigugumizi juu ya jambo hili. Ibara ya 8 inasema hakutakuwa na dini ya taifa. Ibara ya 32 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini na imani, inakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya imani yake, na inakataza kumlazimisha mtu kutenda kinyume cha imani hiyo. Ibara ya 27 inakataza ubaguzi kwa misingi ya dini, na pia ya mavazi. Ukiyasoma maneno hayo unatarajia ugomvi uwe umekwisha zamani. Haujaisha, kwa kuwa mizizi yake ilikuwapo muda mrefu kabla ya Katiba.

Wamisionari ndio waliotangulia kujenga. Krapf na Rebmann wa Church Missionary Society walianzia Rabai, nyuma ya Mombasa, katika miaka ya 1840, na baadaye serikali ya kikoloni ikaona nafuu kuwaachia wamisionari kazi ya kufundisha Waafrika huku ikiwapa ruzuku. Kusoma kukawa jirani wa kubatizwa. Waislamu wengi wa pwani walilielewa hilo na wakabaki na chuo chao cha Kurani, kwani hawakutaka kumpeleka mtoto mahali ambapo angerudi na jina jingine. Walilinda imani, lakini walilipa kwa kuachwa nyuma katika elimu ya kazi na ya ofisi. Ndiyo maana Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, MIOME, iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa michango ya watu kama Aga Khan na Sultani wa Zanzibar, ilikuwa jambo kubwa kwa Waislamu wa Afrika Mashariki. Leo ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Huko bara, Wakikuyu walikutana na nguvu ya mwenye shule mwaka 1929. Misheni ziliwataka walimu na waumini waweke kidole kwenye karatasi ya kukana tohara ya wasichana, alama ambayo watu waliiita kirore. Waliokataa walifukuzwa kanisani, na watoto wao shuleni. Ukeketaji ni dhuluma kwa binti, na aliyeupinga hakukosea. Ila wazazi waliokuwa wamejitolea nguvu na mali zao kujenga shule zile waligundua siku hiyo kwamba hazikuwa zao. Wakaanzisha shule zao huru, chini ya vyama vya KISA na Karinga, na mwaka 1939 wakafungua chuo cha ualimu Githunguri. Serikali ya kikoloni ilikifunga mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa.

Uhuru ulipopatikana, Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilitaka elimu ya umma iwe mikononi mwa taifa, na dini ifundishwe kama somo, isitumike kusaka waumini. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 ikaziweka shule chini ya serikali na kuyaachia makanisa nafasi ya ufadhili. Yalikuwa maafikiano ya wakati wake, na hayakuwa mabaya. Serikali changa haikuwa na fedha za kununua majengo yote yale, na makanisa hayakuwa tayari kuondoka mikono mitupu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliyaendeleza: mfadhili ana viti vitatu katika bodi ya usimamizi, anaweza kuweka kasisi kwa gharama yake, na ana sauti katika malezi ya kiroho, mradi imani za wengine zilindwe. Sharti hilo la mwisho limo ndani ya sheria yenyewe, katika kifungu cha 27. Tatizo ni kwamba halisemi zilindwe vipi, wala mlinzi awe nani.

Kesi ya Isiolo ilionyesha upungufu huo kuliko nyingine yoyote. Isiolo ni mji ambako Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu huuziana mifugo na miraa katika soko moja, na adhana husikika karibu na kengele ya kanisa. Shule ya kutwa ya St Paul's Kiwanjani inafadhiliwa na Kanisa la Methodisti. Mwaka 2014, kiongozi wa kaunti aliomba hadharani kwamba wasichana wa Kiislamu waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare ya shule. Mkurugenzi wa elimu wa kaunti akaagiza waruhusiwe. Kanisa lilikataa na kwenda kortini. Hoja yake ilikuwa kwamba kanuni za shule zinajulikana tangu siku ya kujiunga, kwamba sare ni ya wote, na kwamba kuwapa kundi moja vazi la pekee kungeleta mgawanyiko. Mzazi mmoja Mwislamu akajiunga na kesi, akaiomba mahakama itamke kuwa mabinti wananyimwa haki yao.

Machi 2015 Mahakama Kuu ya Meru ililipa kanisa ushindi. Septemba 2016 Mahakama ya Rufaa iligeuza uamuzi huo, ikasema wasichana wana haki ya kuvaa hijabu na suruali, na ikamshauri waziri wa elimu aweke kanuni za kulinda uhuru wa dini katika shule zote. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikageuza tena. Wengi wa majaji walisema mzazi yule aliingizwa kesini kama mdau tu, na mdau haruhusiwi kuleta madai yake mapya katika kesi ya wengine. Kwa hiyo madai ya hijabu hayakuwa mbele ya mahakama kihalali tangu mwanzo, na anayetaka afungue kesi upya kwa utaratibu unaofaa. Jaji Jackton Ojwang hakukubaliana na wenzake.

Sidhani majaji walikosea sheria ya taratibu. Ninacholalamikia ni muda. Msichana aliyeingia Kidato cha Kwanza mwaka 2014 alifanya mtihani wake wa kumaliza sekondari, KCSE, mwishoni mwa mwaka 2017. Mahakama ya mwisho ilipofungua kinywa na kusema kesi haikufunguliwa vizuri, binti huyo alikuwa amemaliza shule zaidi ya mwaka mmoja nyuma. Haki inayokuja baada ya Kidato cha Nne haimfai mwanafunzi kitu. Itawafaa wadogo zake, kama kuna atakayeiandika pale ambapo mwalimu mkuu ataisoma.

Hoja ya sare inastahili kuchambuliwa kwa makini, kwa sababu wanaoishikilia si watu wabaya. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilikataa ombi la mwanafunzi wa Kenya High School aliyetaka kuvaa hijabu, na msimamo wake ulikuwa kwamba kumruhusu yeye peke yake kungekuwa kuwabagua wenzake. Ukisikiliza haraka unakubali. Sare huficha umaskini, mtoto wa waziri na mtoto wa mama mboga huvaa sweta moja, na hilo ni jema kweli. Ila sare yenyewe imeshonwa kwa kipimo cha mtu fulani. Sketi ya magotini na kichwa wazi havimgharimu lolote msichana ambaye dini yake haisemi kitu kuhusu nywele. Anayeamini kwamba kujifunika ni amri ya Mungu anaambiwa achague kati ya amri hiyo na Kidato cha Pili. Kanuni ni moja, lakini uzito wake unaangukia bega moja tu. Katiba inaukataza ubaguzi wa namna hiyo, ule usio wa moja kwa moja, kama inavyoukataza ule wa wazi, na Mahakama ya Rufaa ililieleza hilo vizuri sana mwaka 2016, hata kama uamuzi wake haukusimama.

Afrika Kusini ilishapita njia hiyo. Msichana wa shule moja ya Durban, mwenye asili ya India Kusini, alikatazwa kipini cha puani ambacho kwao binti huvishwa akianza kukua. Shule ilisema kipini hakimo katika kanuni za mapambo, na ukimruhusu mmoja kesho utaletewa kila kitu. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilimpa haki msichana. Jaji Mkuu Pius Langa aliijibu hofu ile kwa kusema kwamba, kama watoto wengine nao wangepata ujasiri wa kuja na alama za imani zao, lilikuwa jambo la kufurahia wala si la kuogopa. Hakusema shule isiwe na kanuni. Alisema kanuni iwe na mlango wa ruhusa, na anayetaka kuufunga aonyeshe ni madhara gani hasa yatatokea. Katika mabishano ya Kenya, nimesoma mengi kuhusu madhara yanayohofiwa na machache mno kuhusu yaliyowahi kutokea.

Jumamosi ya Waadventista Wasabato ni mfano mwingine. Kwao Sabato huanza jua likitua Ijumaa na kuisha jua likitua Jumamosi, na katikati hapo hakuna darasa, hakuna mtihani, hakuna zamu ya kufagia. Shule za bweni za Kenya hufundisha Jumamosi kama siku nyingine. Kanisa lao lilishindwa Mahakama Kuu, likashinda Mahakama ya Rufaa mwaka 2017, nayo mahakama ikasema shule inapaswa kumpisha mwanafunzi kwa kadiri inavyowezekana. Nchini Uganda wanafunzi Waadventista wa Chuo Kikuu cha Makerere walidai jambo hilohilo na Mahakama ya Juu ya huko ikawakatalia mwaka 2006. Mimi nauona msimamo wa Kenya kuwa bora, kwa sababu ya kawaida kabisa: kwa ratiba, Jumapili imeshapishwa. Hakuna mtihani wa taifa unaopangwa Jumapili asubuhi, na hakuna anayeita hilo upendeleo, kwa kuwa limezoeleka.

Kesi ya msichana wa Kirastafari ilienda haraka zaidi. Januari 2019 alirudishwa kutoka shule ya sekondari Nairobi kwa sababu ya rasta zake. Mahakama iliamuru arudi darasani wakati kesi ikisikilizwa, na Septemba mwaka huohuo Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba Urastafari ni imani inayolindwa na Katiba. Amri ile ya kwanza, ya kumrudisha darasani huku watu wazima wakiendelea kubishana, ndiyo iliyomwokoa. Mabinti wengi hawana mzazi wa kwenda kortini wala wakili wa kuomba amri ya namna hiyo. Husuka nywele upya, huvua kitambaa wakifika langoni na kukivaa tena njiani, au huhama.

Tanzania ilichagua njia nyingine kabisa. Baada ya Azimio la Arusha na maandiko ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967 kuhusu Elimu ya Kujitegemea, shule za misheni zilitaifishwa, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikalithibitisha jambo hilo. Pugu, ambako Nyerere mwenyewe aliwahi kufundisha, ikawa shule ya serikali. Katiba ya nchi inasema Jamhuri haifungamani na dini, na Ibara ya 19 inaziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Leo ukipita asubuhi barabara yoyote ya Dar es Salaam au Tanga utakuta wasichana wa shule za serikali wenye hijabu nyeupe wakienda darasani bega kwa bega na wenzao wasiojifunika, na hakuna anayegeuka kuwatazama. Jambo lililosumbua majaji wa Kenya kwa miaka mitano, kule ni desturi ya kila siku.

Lakini kutaifisha majengo hakukumaliza swali la usawa. Malalamiko ya Waislamu wa Tanzania yanaanzia kwingine. Mwaka 1968 jumuiya yao kubwa ya elimu, East African Muslim Welfare Society, ilipigwa marufuku, na baraza jipya la Waislamu, BAKWATA, likazaliwa chini ya macho ya serikali. Mwaka 1992 serikali ilitia saini makubaliano na makanisa, kupitia Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo, kuhusu huduma za elimu na afya, na Waislamu wengi wakauliza kwa nini serikali isiyo na dini ina mkataba na upande mmoja. Jibu kwamba makanisa yalikuwa na hospitali na shule nyingi za kuhudumia wananchi lina ukweli. Wingi huo nao ulitokana na ruzuku na upendeleo wa ukoloni, kwa hiyo kuwapa walio nacho kwa sababu wanacho ni kuurefusha upendeleo huo. Mwaka 2005 majengo ya shirika la umeme, TANESCO, mjini Morogoro yaliyokabidhiwa Waislamu yalifunguliwa kuwa Chuo Kikuu cha Waislamu. Hatua hiyo ilikuwa ya maana, ila ilikuwa zawadi ya rais, na kinachokuja kwa hisani kinaweza kukosekana rais mwingine akija.

Kutoaminiana huko ndiko kulikofanya hata kosa la hesabu liwe moto. Mwaka 2012 matokeo ya somo la dini ya Kiislamu ya Kidato cha Sita yalitoka mabaya, na Baraza la Mitihani likakiri baadaye kwamba alama zilikokotolewa vibaya na kuzisahihisha. Katika somo jingine lingekuwa kosa la ofisi, la kuombwa radhi na kusahauliwa. Hapa maandamano yalifuata.

Mahakama za Tanzania nazo zimewahi kumlinda mtoto dhidi ya shule isiyo na kanisa wala msikiti nyuma yake. Wanafunzi Mashahidi wa Yehova waliokataa kuimba wimbo wa taifa, kwa kuwa kwao kuimba ni ibada, waliadhibiwa, wengine kwa kufukuzwa. Walikuwa 127 waliofika Mahakama ya Rufani, na mwaka 2013 mahakama hiyo iliwapa haki. Nawaheshimu majaji wale, kwa sababu wimbo wa taifa unagusa mioyo ya Watanzania, na wanafunzi hao walitetea imani ambayo majirani zao wengi hawaipendi.

Kuna jambo ambalo halifiki mahakamani, nalo ni somo lenyewe la dini. Kwa miaka mingi, mtoto wa darasa la nane nchini Kenya aliketi mbele ya karatasi moja ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, yenye maswali 60 ya jamii na 30 ya dini. Alipofika swali la 61 alichagua sehemu moja: Ukristo, Uislamu au Uhindu. Karatasi ilimheshimu kila mtoto kwa kipimo kilekile. Darasa halikumheshimu hivyo. Shule yenye Waislamu wachache katika kaunti ya bara mara nyingi haina mwalimu wa somo la Uislamu, IRE, kwa hiyo mtoto husoma la Ukristo, CRE, kwa sababu mwalimu wake ndiye aliyepo. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu Waislamu kuwa karibu asilimia 11 ya Wakenya, wengi wao pwani na kaskazini mashariki, na mgawanyo huo unamaanisha kwamba kwingineko watakuwa daima wachache wa darasa. Tanzania hukiachia kipindi cha dini walimu wanaoletwa na dini zenyewe. Ni njia safi kikatiba, ila dini yenye fedha na watu huleta mwalimu mwenye cheti, na isiyo nacho huleta kijana wa kujitolea, au watoto hukaa tu chini ya mwembe hadi kengele ilie.

Kwa hiyo sioni kwamba Kenya ikiiga kutaifisha kwa Tanzania itapona, wala sioni sababu ya kuyanyang'anya makanisa hati za viwanja ambavyo yamevitunza tangu wakati wa babu zetu. Makanisa yamefundisha watu wengi, Waislamu wakiwamo, na kuyataja kama wavamizi ni kutokuwa na shukrani. Ninachodai ni kitu kidogo na chenye meno: kanuni za waziri, zinazoifunga kila shule inayolipwa na umma, zinazosema mapema ni nini mfadhili anaweza kuamua na nini hawezi. Anaweza kujenga kanisa ndani ya uwanja, kuweka kasisi, kuendesha ibada na kuwafundisha watoto wake. Hawezi kumlazimisha mtoto wa imani nyingine kuhudhuria misa, kumkatalia hijabu au kilemba chenye rangi ya sare, wala kumpigia kura mwalimu mkuu kwa kuangalia anasali wapi. Shule ya binafsi isiyokula fedha ya umma ina uwanja mpana zaidi wa kuwa na desturi zake, na mzazi anayeichagua anajua anachokichagua.

Kanuni hizo zipime pande zote. Msichana Mkristo anayesoma shule ya umma ya Garissa au Wajir asilazimishwe kujifunika ili asitazamwe vibaya. Haki ya kuvaa na haki ya kutovaa zinatoka katika ibara ileile, na kiongozi wa Kiislamu anayedai ya kwanza Isiolo akanyamaza kuhusu ya pili kaskazini anajidhoofisha mwenyewe.

Na zipo sababu za kufanya haraka. Serikali ndiyo inayowapangia watoto nafasi katika shule za sekondari za nchi nzima. Familia huandika mapendekezo yake, lakini mfumo wa wizara ndio unaoamua, na mtoto wa Mandera anaweza kujikuta katika bweni la Meru au Kakamega kwa miezi mitatu mfululizo, pamoja na Jumapili na Ijumaa zote zilizomo. Kumwambia mzazi huyo kwamba alizijua kanuni za kanisa alipoichagua shule ni kumsingizia uamuzi ambao hakuufanya. Barua anayopewa ya kujiunga na shule huwa na orodha ndefu ya godoro, sanduku, viatu vyeusi na idadi ya mashati. Wizara inaweza kuagiza kila barua ya namna hiyo iongezwe aya moja: kwamba mwanafunzi ataruhusiwa kushika ibada na mavazi ya lazima ya dini yake, kwamba hatalazimishwa ibada ya wengine, na kwamba mzozo ukizuka atabaki darasani hadi bodi ya elimu ya kaunti iusikilize ndani ya siku zilizotajwa.